Binti Aliyekataa Kumpandisha Mdogo Wangu

Wanaosema Witness hana adabu, wasome hapa. Asiyejua kusoma asomewe. Nimechoka kusikia jina la mtoto wa watu linavyotafunwa kisimani na dukani, na wanaolitafuna hawajui hata mkanda wa usalama unafungwaje.

Witness ni mpangaji wangu hapa Rasbura, mjini Lindi, chumba cha uani. Kwao Nachingwea, Wakristo, wakulima wa korosho. Alipokuja kuulizia chumba nilimwuliza anafanya kazi gani. Akasema, "Naendesha mashine ya kunyanyulia watu, Bibi." Nikajua ananitania, maana msichana mwenyewe mwembamba kama mche wa muhogo. Kumbe kweli. Hyderali, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ana lori lenye mkono mrefu wa chuma, na mwisho wa mkono kuna kikapu cha kusimama watu. Ukitaka kufunga taa juu au kupaka rangi ghorofa, unalikodi. Lori analiendesha Jafari. Mkono na kikapu ni vya Witness, kasomea chuoni.

Asubuhi kabla ya kazi anaizunguka mashine yote. Anapapasa mabomba ya mafuta, anateremsha miguu minne ya chuma na kuilaza juu ya mbao nene, kwa sababu ardhi yetu ni mchanga, mguu ukididimia upande mmoja mkono wote unalala. Anatazama nyaya za umeme ziko wapi. Anazungusha utepe ili mtu asipite chini ya kikapu. Vijana wanamcheka: "Anaipamba kama bibi harusi!" Yeye anaendelea kukagua. Na mtu haingii kikapuni mwake bila kuvaa mkanda na kuukaza, halafu kulabu ya kamba yake ipachikwe kwenye chuma cha kikapu. Ndipo anapandisha.

Sasa nisikilizeni lililotokea.

Spika za mnara wa msikiti wa mtaani kwetu zilikuwa zimelegea, hazitoi sauti, na mfungo unakaribia. Kamati ikakodi lori la Hyderali. Wa kupanda wakamchagua mdogo wangu Huseni, tumbo moja, mimi nimemtangulia. Huseni alikuwa mkwezi wa minazi Pande. Hakuna mnazi uliomshinda, nasema hivyo si kwa kumsifu, ndivyo ilivyo. Sasa ni babu, lakini mtu akitaja kitu cha juu, watu wanamtaja Huseni.

Nilikuwa barazani kwangu, na msikiti uko ng'ambo ya barabara tu. Watu walikuwa wametoka kuswali, wamejaa uwanjani. Huseni yuko na kanzu yake nyeupe. Witness akaja na ule mkanda. Si mkanda wa suruali, ni mikanda mingi, mingine ya mabegani, mingine ya miguuni.

"Babu, hii inapita huku mapajani," akasema, akainama kumwonyesha.

Huseni akaruka nyuma kama aliyekanyaga upupu. "Toa hiyo mikamba! Mimi nifungwe kama mbuzi wa Iddi? Nimekwea minazi ya Pande mama yako hajazaliwa!"

Watu wakacheka, wakampigia makofi.

"Najua, babu," Witness akasema. "Lakini mnazi una mizizi. Hii ina matairi."

"Nipandishe!"

Yule binti akachomoa ufunguo, akautia mfukoni, akasimama kando ya mashine, mikono nyuma.

Abdala, katibu wa kamati, akaja mbio. "We mtoto! Unamgomea mzee mbele ya msikiti?"

"Simgomei, baba. Namngoja afunge mkanda."

"Mzee mzima afuate amri yako wewe!" Abdala akatoa simu, akampigia Hyderali. Sikusikia ya upande wa pili, nilisikia ya Abdala, maana aliisema kwa mtaa mzima: "Umetuletea msichana kutudharau? Kama hana adabu tukodi kwingine?" Kisha akampa Witness simu. Witness akasikiliza, akasema "Sawa, bosi," akautoa ufunguo, akampa Jafari. Akavuka barabara, akapita barazani kwangu, akaingia chumbani kwake.

Jafari akapandisha. Utepe hakuufunga, na watoto wakajaa chini ya kikapu. Kule juu Huseni akaona spika iko mbali kidogo na mkono wake. Mnajua alifanya nini? Alifanya kama mkwezi. Akavua viatu, akapanda kwa nyayo zake juu ya chuma cha ukingo wa kikapu, mkono mmoja ukutani, mwingine kwenye spika. Upepo unaipeperusha kanzu. Kikapu kinayumba. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka: "Huseni! Rudi ndani!" Wanawake walio karibu yangu wanapiga vigelegele.

Hakuanguka. Alifunga spika moja, akashuka, akabebwa mabegani. Na hilo ndilo lililonichoma. Angeanguka mngelia na mngesema binti alikuwa na haki. Kwa kuwa hakuanguka, mkasema mnaona? Jioni Hyderali akampigia Witness asirudi kazini. Wateja hawataki ubishi. Nikamkuta anakunja nguo zake.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, Bibi. Mashine kama ile hapa Lindi ni hiyo moja."

"Ziache hizo nguo," nikamwambia.

Asubuhi Huseni akaja kula kwangu, kama kawaida yake. Nikafunika sufuria, nikakaa kando yake. Nikamwambia hutakula mpaka uniambie kwa nini hukutaka mkanda. Akaanza hadithi za minazi. Nikamwambia za minazi nazijua, nilikuwa naziokota nazi chini. Akaniletea ushujaa. Nikaukandamiza mfuniko wa sufuria. Mwisho akainamisha kichwa.

"Dada, ile mikanda inapita hapa." Akaonyesha kwa kidole, akakirudisha haraka. "Kanzu ingepandishwa mpaka huku. Na mtoto wa kike ndiye ananifunga. Waumini wote wananitazama."

Nilidhani nitacheka, nikakuta nimekasirika zaidi ya jana.

"Kwa hiyo ulikuwa radhi uanguke, waosha maiti wakuvue wakutazame mwili mzima, kuliko kufungwa mapaja? Na badala ya kusema una haya, ukasema wewe shujaa, mtoto wa watu akafukuzwa kazi? Mficha uchi hazai, Huseni! Vaa viatu."

Tukaenda dukani kwa Hyderali. Alikuwa nyuma ya kaunta, mkewe Jamilabai anapanga misumari. Nikamsukuma Huseni mbele.

"Nimekuja kusema," Huseni akanong'ona.

"Sema wasikie!"

Akasema. Jamilabai akageukia ukutani, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Hyderali akavua miwani.

"Sasa mzee, si ungesema? Jafari angekufunga, ukavaa suruali, yakaisha."

"Na wewe," nikamwambia Hyderali, "ulimwuliza binti kabla ya kumfukuza?"

Akaanza kuifuta miwani.

"Nimekuuliza."

"Sikumwuliza, mama. Abdala alisema amemtukana mzee."

"Jamilabai," nikasema, "mumeo anaajiri kwa macho yake na anafukuza kwa mdomo wa Abdala."

Jamilabai akaacha kucheka. Akamwambia kitu mumewe kwa Kigujarati, kifupi. Hyderali akachukua simu.

Witness hakuja akikimbia. Alikuja kwa mwendo wake, akasimama mlangoni. Hyderali akamwambia arudi kazini. Yeye akasema, "Nitarudi. Lakini ufunguo ukiwa kwangu, mtu asiyefunga mkanda hapandi. Hata ukipiga simu wewe, bosi." Hyderali akatazama kaunta, kisha akasema sawa. Aliahidi mbele yangu, na mimi si wa kusahau.

Spika ya pili ilifungwa siku iliyofuata. Huseni alikuja na suruali ya mwanawe, Jafari akamfunga huku Witness amewapa mgongo. Halafu Witness akageuka, akaikagua mikanda moja moja kwa macho, akatikisa kulabu, na spika ilipokuwa mbali akakisogeza kikapu mpaka mkono wa mzee ukafika. Huseni alinung'unika kupanda na kushuka. Na anung'unike. Ananung'unika akiwa mzima.

Abdala hajamwomba radhi binti hata leo. Anasema mambo yameisha, tuyaache. Kila asubuhi akipita barazani kwangu ananiambia, "Shikamoo, mama." Nami naendelea kufagia. Simpi marahaba yangu mpaka aende kwenye kile chumba cha uani, agonge mlango, aseme amekosa.