Mate ya Mama Nekesa

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nane hapa Umoja, Nairobi, taya langu la kushoto lilikuwa linaalika kila nikitafuna, tak, mpaka wenzangu wakinisikia nikila githeri wanacheka. Asubuhi moja likakwama kabisa. Mdomo ukafunguka upana wa kidole tu, uji nikaunywa kwa mrija.

Mama hakuuliza nimekula nini. Aliuliza nani aliniona nikila.

Kwetu magharibi inajulikana kuna watu wenye jicho. Wakikutazama unapokula, chakula kinakugeukia. Dawa ni moja: mwenye jicho ateme mate kwenye maji, upakwe panapouma. Ila akitema amekiri. Akikataa, amekiri zaidi.

"Ni yule wa chapati," mama akasema. "Ulikula kwake lini?"

"Juzi."

"Alikuangalia?"

Nikasema ndiyo. Na kweli aliniangalia. Anayeuza chapati atamwangalia nani kama si mteja? Lakini kuna jambo sikulisema. Taya langu lilianza kualika tangu darasa la saba, muhula mzima kabla Mama Nekesa, huyo wa chapati, hajapanga chumba kwenye ploti yetu. Nilijua, nikanyamaza. Mwaka wote mama alikuwa ananiambia nikianguka mtihani nitapelekwa ushago, kijijini, nikalee watoto wa mjomba. Sasa alikuwa ananilisha parachichi kwa kijiko. Utamu huo ulinishinda.

Sharon, binti wa mwenye ploti, aliyekaa na wazazi wake ghorofa ya juu, alinikuta kwenye ngazi.

"Yako inalia kama yangu," akasema. "Mimi nilipelekwa tao kwa daktari wa meno. Nikapewa kaplastiki, nalala nako mdomoni. Eti nasaga meno usiku juu ya kuogopa mtihani."

Nikampelekea mama habari hiyo.

"Na huyo daktari umewahi kumwona huku chini?" akajibu. "Wacha hao. Wa juu wanaugua. Sisi tunaangaliwa."

Jumamosi, baada ya maombi ya kina mama, alibeba kikombe cha maji ya moto mpaka langoni, mimi nyuma yake. Wanawake wa ploti wakatoka kama wanaoanika nguo. Mama Nekesa alikuwa anasukuma chapati. Naye ni mtu wa magharibi, alikielewa kile kikombe kabla ya kusalimiwa.

"Mama Ruth, si mimi na wewe tunaimba kwaya moja?"

"Ndiyo maana nimekuja kwa upole."

"Nikitema, nani atakula chapati zangu?"

"Na usipotema?" mwanamke mmoja akauliza kutoka kwenye kamba za nguo.

Mama Nekesa akanigeukia. Alikuwa anangoja niseme neno, na mdomo wa upana wa kidole unatosha neno moja. Nikashika shavu, nikatazama chini.

"Basi lete," akasema. "Kama mtoto atapona." Akatema.

Mama alinikanda kwa kitambaa na yale maji, akiyapasha kila jioni. Siku ya tatu taya likaachia. Hapo ploti nzima ikawa na hakika. Watoto wakakatazwa kupita langoni peke yao, chapati zikalala, na kabla mwezi haujaisha Mama Nekesa akapakia vitu vyake kwenye mkokoteni. Hakuna aliyemsindikiza. Kwenye kwaya tukaambiana labda amepata nyumba ya nafuu.

Nilipokuwa mtu mzima, nesi mmoja aliniambia taya likikwama likandwe kwa kitambaa na maji ya moto. Nilimuuliza mara mbili kama ni maji matupu.

Mwaka juzi nilimwona Mama Nekesa sokoni Gikomba, akichambua nguo za watoto kwenye rundo la mitumba. Binti yangu alikuwa mgongoni, anakula biskuti.

"Habari ya siku nyingi, mama," nikasema.

Alinitambua, akatabasamu. Kisha akaiona ile biskuti, akageuza uso upesi, akaendelea kunijibu huku akitazama ukuta. Sijui alikuwa anamlinda mtoto wangu, au anajilinda na mimi. Nilimwambia nina haraka.

Dhambi hii nimeitubu kanisani mara nyingi, hata kwa machozi, na naamini Mungu amenisamehe. Lakini si Yeye aliyetemeshwa mate mbele ya watu. Aliyetemeshwa bado sijamwambia.