Simbi za Fundi Humaidi

Humaidi, fundi cherehani wa mtaa wa Gongoni, Tabora, hakuwahi kuiona bahari, lakini hilo halikumzuia kuisimulia. Mtu akileta suruali ipunguzwe kiuno, alirudi nayo nyumbani pamoja na mawimbi, mikoko na papa. Babu yake alikuwa na misafara ya kwenda Bagamoyo, kwa hiyo Humaidi aliihesabu bahari kuwa mali ya ukoo, kama ule mlango wao wa nakshi uliokwisha kuliwa na mchwa. Ubaya ni kwamba siku moja alijitia mwenyewe ndani ya hadithi, akadai amefika, na sasa hakuwa na pa kutokea.

Asiyemwamini alikuwa Masolwa, muuza asali, mwenzake wa kahawa barazani. Babu yake Masolwa alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu za watu hadi pwani, akarudi na simbi shingoni, lile gamba la konokono wa baharini. Zamani Unyamwezini mtu aliyerudi bila kitu cha bahari alihesabiwa kuwa aliishia porini.

"Babu yangu alikwenda kwa miguu, na simbi yake mpaka leo imening'inia mlangoni," alisema Masolwa. "Yako wewe, shehe wangu, iko wapi?"

Baraza zima lilicheka. Humaidi naye alicheka, huku moyo unamuuma.

Basi katika miaka ile ya Ujamaa, ushirika wa mafundi ulipotakiwa kupeleka nguo kwenye maonyesho ya Sabasaba, Humaidi aliipigania nafasi hiyo utadhani anagombea ubunge. Walipofika Dar es Salaam aliwaachia wenzake nguo, akapanda basi kwenda kwenye ufukwe uliosifiwa kwa mikoko na matumbawe yake. Maji yalikuwa yamekupwa. Mwanajuma, mama wa hapo aliyekuwa akitafuta pweza, alimkaribisha vizuri, akamwonyesha simbi zilizotapakaa mchangani.

"Chukua hizi, ndugu yangu, kadiri upendavyo. Zile zilizo hai mwambani ziache zizae. Na usikanyage matumbawe, ndiyo nyumba ya samaki."

Humaidi alizitazama. Zilikuwa zimepauka. Yeye, mjukuu wa mwenye misafara, arudi Tabora na makapi? Mwanajuma alipompa mgongo, aliingia mwambani na viatu vyake, matumbawe yakivunjika chini ya soli, akachuma simbi zinazong'aa kama mtu anayechuma mapera, mpaka mfuko ukajaa. Bahari aliifanya shamba la bibi, na bibi mwenyewe hakuwa wake.

Alizifunga ndani ya kanzu, akazitia sandukuni. Kwamba kitu hai hufa, na kikifa hunuka, Humaidi alilijua kwa kuku na ng'ombe. Kwa simbi halikumpitia akilini.

Treni ilipoiacha Morogoro, behewa lilianza kunuka. Kufika Dodoma watu walikuwa wanatazamana vibaya. Humaidi alijua, tena alijua vizuri kabisa, maana sanduku lilikuwa chini ya miguu yake. Lakini mbele yake aliketi Pelagia, mama mmoja wa mtaa wa Cheyo hukohuko Tabora, na kapu lake la papa mkavu.

"Mama, tuhurumie," alisema Humaidi kwa upole wa mtu wa dini. "Humu mna watoto wachanga."

Behewa zima lilimgeukia Pelagia. Alijitetea mpaka sauti ikamkauka, kisha akamtupa papa wake dirishani, machozi yakimtoka. Harufu haikupungua hata chembe. Humaidi alijifanya amesinzia. Ulikuwa unyama, hauna jina jingine.

Nyumbani, mkewe Fakhria alilifungua sanduku, akalifunga papo hapo.

"Watu huletewa kanga," alisema. "Mimi nimeletewa mizoga."

Alikwenda kuzifukia nyuma ya nyumba. Humaidi akawatangazia watu kwamba mzigo wake umechelewa njiani.

Siafu walifanya kazi yao. Simbi zilipofukuliwa hazikung'aa tena. Zilikuwa zimepauka sawasawa na zile za mchangani. Humaidi alizipanga juu ya meza ya cherehani, akamwita Masolwa na baraza lote.

"Mbona zimefifia hivi?" aliuliza Masolwa.

"Huo ndio ustaarabu wa safari," alisema Humaidi. "Mgeni mwema huokota zilizotupwa na maji. Zilizo hai tunaziacha zizae. Na matumbawe hayakanyagwi, ndiyo nyumba ya samaki."

Watu walitikisa vichwa kwa heshima. Masolwa mwenyewe alikuwa amekwisha kunyoosha mkono wa kumpongeza, kumbe mlangoni alikuwa amesimama Pelagia, na kitambaa cha gauni kwapani, akisikiliza. Aliingia, akaokota simbi moja, akaipeleka puani.

"Fundi," alisema taratibu, "harufu hii naijua. Na yule papa wangu niliyemtupa dirishani, naye alikuwa hai, hata ikabidi nimwache?"

"Papa gani tena?" aliuliza Masolwa, akiurudisha mkono wake.

Humaidi alikanyaga cherehani kwa nguvu, ingawa haikuwa na nguo. Pelagia akavuta kigoda, akaketi, akaanza kuwasimulia tangu Morogoro.