Sauti za Wapondaji Makumbi

Mwaka 2004 nilikuwa mwanafunzi Brussels, nimepanga chumba Saint-Josse juu ya duka la mikate la Waturuki. Siku nisizokuwa na masomo nilipanda basi kwenda Woluwe-Saint-Lambert kumsaidia mzee mmoja wa Kibelgiji. Ujanani alikuwa padri huko Katanga. Baadaye aliacha upadri, akawa msomi wa mila za watu, na kwa miaka mingi alizunguka Asia akirekodi filamu za maisha ya kila siku: watu wanavyopika, wanavyooana, wanavyozika. Sasa macho yake yalikuwa yanakufa, na filamu yake ya mwisho ilikuwa haijahaririwa. Kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta na kumweleza ninachokiona.

Alinichukua kwa ajili ya lugha. Alisema Kifaransa cha wauguzi wake kinamchosha, lakini Kiswahili kinampumzisha. Mimi ni wa kusini Unguja, yeye Kiswahili chake ni cha Katanga, na mwanzoni tulichekana sana. Aliniita maman, ingawa angeweza kumzaa hata mama yangu. Mimi nikamwita mzee wangu.

Filamu yenyewe ilikuwa ya kijiji kimoja cha pwani ya Sri Lanka, kuhusu wanawake wanaoponda makumbi, yale maganda ya nazi yaliyoozeshwa majini hata nyuzi zikaachia. Siku ya kwanza kuiona niliisimamisha hapo hapo. Ni kazi ya mama yangu. Kwetu hufukiwa ufukweni na wao huyaloweka kwenye wangwa, lile bonde linaloingia maji ya bahari, lakini gongo ni lile lile, na mgongo unavyopinda ni vile vile.

Kwa miezi niliishi na watu wale wa kwenye kioo. Alikuwapo mwanamke aliyefunga kitambaa chekundu kichwani. Alikuwapo mama yake, bibi mkali aliyeifokea kamera kila iliposogea. "Ule maman alinichukia kabisa," mzee alikuwa akisema, akicheka peke yake. Na alikuwapo binti wa yule mwanamke, mtoto wa miaka mitano hivi, aliyeshika kijiti chake na kuponda kumbi lake dogo, akiimba maneno ambayo hata mkalimani wa mzee, mtu wa huko huko, alishindwa kuyafasiri.

Siku ya pili ya Krismasi ilikuwa Jumapili. Nilikwenda kwa mzee asubuhi kwa sababu alikuwa mpweke na mimi si Mkristo. Nilimkuta amesimama jikoni, mkono juu ya redio, kana kwamba anaizuia isianguke. Kahawa ilikuwa imechemka mpaka ikamwagikia jiko, wala hakuwa na habari.

"Mzee wangu, vipi?"

"Mayi," alisema. "Bahari imepanda inchi kavu. Kule kwetu, maman. Kule kwa bantu betu, watu ya filamu."

Mtangazaji alikuwa akitaja Indonesia, Thailand, kisha Sri Lanka. Akataja upande ule ule wa pwani. Nilivuta kiti nikakaa. Nilimwona yule mtoto na kijiti chake, nikajaribu kukumbuka nyumba yao iko mbali kiasi gani na maji. Haikuwa mbali. Kwenye filamu unasikia mawimbi wakiwa ndani wanakula.

Ghafla mzee akanigeukia. Macho yake hayakunipata vizuri, yaliishia begani mwangu.

"Maman yako iko wapi?"

"Unguja."

"Bon. Mutelefonie. Sasa hivi! Bahari ni moya tu, donc ile mayi inaweza kufika na kwenu."

Nilimwona kama anaweweseka. Unguja na Sri Lanka, wapi na wapi? Lakini vidole vyangu vilikuwa vimeshaelewa kabla yangu, maana nilikosea namba mara mbili. Mdogo wangu wa kike ndiye aliyepokea.

"Mama yuko wapi?"

"Kenda pwani kufukua makumbi. Leo bamvua, maji yametoka mbali kweli, pwani nyeupe yote. Kwani kuna nini?"

Nilimwona mama ameinama shimoni, ameipa bahari mgongo.

"Kamtoe. Mwambie apande huku juu, na wenzake wote."

"Nimwambie kuna nini?"

"Mwambie nimefiwa. Mwambie lolote. Kimbia!"

Alikata simu. Baada ya hapo hapakuwa na la kufanya. Mzee aliniomba niwashe kompyuta.

"Niwekee ile filamu. Nataka kusikia sauti zao."

"Siwezi kuangalia, mzee wangu."

"Usiangalie. Fanya tu isikike."

Nikaiwasha, nikakigeuza kioo kielekee ukutani. Chumba kikajaa magongo: po, po, po. Bibi akafoka. Mtoto akaanza kuimba. Nilishindwa kujua sauti ile ni ya kwao au ya kwetu, na kila gongo lilipotua nilihisi mtu anapoteza muda ambao angeutumia kukimbia. Nilitaka kuwapigia kelele. Mzee alikuwa akisali kwa Kilatini, kwa kunong'ona.

Simu ilipolia niliiangusha. Alikuwa mama mwenyewe, anahema, na amekasirika.

"Nani kafa? Umenitoa shimoni, makumbi yangu yako wazi!"

Nililia hata akaacha kugomba.

Alasiri ile bahari ya kwetu ilijaa si wakati wake, ikatoka, ikajaa tena, ikayasomba makumbi na kuvunja mashua. Kijijini petu hakufa mtu. Dar es Salaam walikuwapo waliozama.

Kutoka Sri Lanka hatukupata lolote kwa wiki nyingi. Niliogopa kwenda kazini, na nilipokwenda niliogopa simu. Filamu hatukuigusa. Mwishowe mkalimani alipiga: yeye alikuwa bara, mbali na pwani, siku ile. Mwenye kitambaa chekundu alikuwa hai, alinasa kwenye mti. Mama yake na mtoto walichukuliwa wote wawili. Yule mwanamke hakubakiwa na picha hata moja, na alikuwa ameanza kuisahau sauti ya mtoto. Je, tunaweza kumpa sauti ile?

Mzee hakuweza kuitafuta, haoni. Ilibidi niitafute mimi. Niliipitia filamu yote, nikimkusanya yule mtoto popote alipo: anaponda, anapiga chafya, anapita nyuma ya wengine mara moja tu. Nilipofika mahali anapotazama kamera nilifumba macho, nikapima kwa sauti yake mahali pa kukata. Vipande vyote nikaviweka kwenye diski moja, tukaipeleka kwa mkalimani.

Mwezi uliofuata alipiga tena. Mzee alisikiliza muda mrefu, kisha akaweka simu chini taratibu.

"Alisema nini?" niliuliza.

"Maman ya mtoto alipokea ile diski. Ameifunga mu kitambaa, ameweka chini ya kichwa kwenye analala. Hayaiangalia bado. Anasema anaogopa. Lakini anataka tusimuombe airudishe."