Kiitikio cha Heini

Heini alikificha kidonda siku tisa. Waya wa zizi la kondoo ulimchana juu ya kifundo cha mguu. Akakimwagia pombe kali, akakifunga kitambaa, akavuta soksi. Mkewe Billa angekiona, angempeleka hospitali mjini Tórshavn, na ngoma ya Februari, ile ya duara inayochezwa kwa kuimba utenzi, ingempita. Katika kijiji chao cha visiwa vya Faroe ni yeye tu aliyebaki na utenzi wa Binti wa Kisiwa cha Barafu, beti mia na themanini, zote kichwani. Zamani kila nyumba ilikuwa na utenzi wake. Siku hizi wanashikana mikono kwenye duara, jicho moja liko kwenye simu.

Na daktari alishamwonya. Mwaka jana homa ya mapafu iliondoka na beti kadhaa, akazirudisha kwa taabu.

"Mzee, ubongo una seli za ulinzi," alimwambia. "Mwili ukivimba na kuwaka kwa maambukizi, nazo huamka. Kwa mtu aliyekwisha kuanza kusahau, huenda zikaudhuru ubongo uleule zinaoulinda. Hatujajua yote. Ila kidonda, jino, kikohozi, usikae nacho."

"Yaani walinzi wangu ndio wezi?"

"Si wezi. Wanapiga bila kuangalia wanampiga nani."

Usiku wa ngoma ukumbi ulijaa. Hatua mbili kushoto, moja kulia, na kila kishindo kilimpanda Heini hadi kwenye paja. Akaimba beti hamsini, sitini. Wa sitini na moja haukuja.

Kwao, kiongozi akikwama, duara halisimami. Watu hurudia kiitikio mpaka akumbuke. Wakarudia mara moja. Mara tatu. Mara ya sita wengine walianza kutazamana.

Billa, aliyemshika mkono, alihisi kiganja kinaunguza. Akatazama chini. Soksi ilikuwa imelowa.

"Mguu huo tangu lini?"

"Ngoja, Billa, ubeti unakuja."

"Utakuja wapi, mzee mkaidi wewe? Kichwa kinaungua! Toka!"

Akamvuta nje ya duara mbele ya kijiji kizima. Jambo hilo lilikuwa halijawahi kutokea.

Hospitali walimtundikia dawa. Heini alikuwa amekataa miaka yote utenzi uandikwe. Karatasi, alisema, ndiyo iliyowafanya watu wawe wavivu. Sasa alimshika Billa mkono.

"Chukua kalamu. Upesi."

"Pumzika kwanza."

"Nikipumzika sijui nitaamka na nini. Andika!"

Akaandika. Ule wa sitini na moja ukaja, na wa sitini na mbili, na mwingine. Kwenye wa themanini na tatu Heini akakwama, macho yakimtoka, midomo ikitafuta. Billa akangoja, kalamu juu ya karatasi. Kisha akaiweka chini na kuanza kiitikio, polepole. Heini akakidaka. Wakakirudia wawili, na tena, miguu yake miwili ikitikisika chini ya shuka, kushoto, kushoto, kulia.