Zawadi ya Namba Wani

Jamani, mtacheka, najua, lakini ngojeni nimalize, maana aibu niliyoipata siku ya kufunga shule pale Rangwe, miaka hiyo ya tisini, hata leo nikimwona mtu aliyekuwepo najifanya nafunga kamba ya kiatu.

Binti yangu Atieno alikuwa darasa la sita, na mimi nilikuwa mama wa namba wani. Namba mbili kwangu ilikuwa matusi. Kwa hiyo kila jioni baada ya chakula namkalisha mezani na vitabu, miguu ndani ya beseni ya maji baridi asisinzie (msinikodolee macho, wengine wenu mlifanyiwa hivyo hivyo), na akisinzia naongeza maji.

Sasa muhula ule mwalimu wa darasa akaninong'oneza kwamba Atieno ameongoza. Hapo ndipo nilipoharibu mambo. Wazazi tulikuwa tumeombwa tulete zawadi za watoto waliofanya vizuri, na beseni yetu ilikuwa imeanza kupasuka ukingoni, nikawaza, mbona nisijitolee kuleta ya namba wani mimi mwenyewe, ninunue beseni mpya, nisifiwe kwa ukarimu, halafu jioni irudi nyumbani kwangu? Nikajiona mjanja kweli! Nikaenda sokoni Homa Bay nikachagua moja nyekundu, kubwa.

Siku yenyewe jina la Atieno likaitwa, nami nikatoka na vigelegele, leso kiunoni, nacheza kutoka nyuma kabisa mpaka mbele, jirani yangu Mama Ouko akinifuata akinipepea na kitambaa. Chifu ndiye alikuwa mgeni wa heshima. Akainua ile beseni juu watu wote waione, kisha akampa mtoto. Atieno hakutabasamu. Akaiangalia beseni, akaniangalia mimi.

"Pokea basi!" nikapiga kelele. "Shika vizuri, ni yako!"

Akaipokea. Akaiweka chini mbele ya shule nzima, akavuta kiti cha mwalimu, akakaa, akavua viatu, akavua soksi, akatia miguu ndani. Yawa! Watu wakacheka, chifu naye akacheka, akainama akamuuliza, "Mtoto, kwani unataka kuoga?"

"Hapana. Nangoja maji."

"Maji ya nini?"

"Ya baridi. Mama huniwekea nisilale nikisoma."

Kicheko kikaanza kupungua. Nikarukia pale pale, "Anatania huyu! Chifu, huyu mtoto anapenda utani sana!"

"Sitanii, Mama," Atieno akasema, na machozi yakaanza kumtoka. "Hata jana uliniwekea, na mitihani ilikuwa imeisha."

Shule nzima ikageuka kuniangalia, wazazi, walimu, hata watoto wa nasari. Mwalimu mkuu akapiga magoti akaushika mguu wa mtoto akaugeuza, na mimi nikauona pamoja na kila mtu: nyayo zimepauka, ngozi imechanika katikati ya vidole, nyekundu kabisa. Mimi mama mzazi, niliyekuwa namwaga yale maji kwa mkono wangu, sikuwa nimewahi kuiangalia ile miguu.

"Min Atieno," mwalimu mkuu akaniita kwa Kijaluo, yaani mama yake Atieno, wala hakupaza sauti, "hii ndiyo namba wani tumepigia makofi?"

Nimesimama pale, leso bado kiunoni, mkono mmoja bado uko juu, na kama hayo hayatoshi, Mama Ouko akapaza sauti nyuma yangu: "Ai! Na mimi nilipokuuliza siri ya Atieno kufaulu ukaniambia ni vichwa vya samaki! Ouko amekula vichwa vya samaki muhula mzima!"

Wacha watu waangue kicheko. Nikamshika Atieno mkono, viatu vyake kwa mkono wa pili, tukapita katikati ya watu, beseni nikaiacha pale pale.

Njiani nilikuwa na hasira, nawaambia ukweli, nilikuwa napanga maneno ya kumfokea tukifika. Mtoto anakimbia kidogo kidogo anifikie, miguu mitupu, kisha akauliza polepole, "Mama, nimekosa nini? Si nimekuwa namba wani?"

Nikakaa kando ya barabara na nguo zangu nzuri, nikamvalisha soksi, nikalia mbele ya watu wanaotoka sokoni.

Siku hiyo alilala jua bado linawaka, na kila aliyekuja kubisha mlango nilimfukuza. Kulipokucha aliamka kwa kuruka, akasimama kando ya kitanda, akasema, "Nisamehe Mama, nimelala." Mtoto anaomba msamaha kwa kulala! Nimezaa wengine watatu baada yake, wa kwanza darasani na wa mwisho pia, na hakuna hata mmoja niliyemkatiza usingizi kwa sababu ya kitabu, wala sitathubutu.