Nani Atamwaga Tangi?

Mtu mzima na heshima zake, amestaafu salama, ana jumba la vyumba tisa kule Al-Malqa lenye vyoo sita vya marumaru, halafu anatoka na akili zake timamu anaenda kununua choo cha plastiki chenye magurudumu. Nimeishi Riyadh miaka minane na nimeona mengi, lakini hilo bado halijanipita kooni.

Wenyewe wanakiita karavani. Ni kijumba kinachovutwa na gari, ndani mna vitanda, jiko, meza na choo, na ndiyo raha ya wazee wengi wa hapa wakishastaafu. Baridi ikiingia wanakwenda jangwani, wanatandika zulia, wanakunywa kahawa, wanasema wameyarudia maisha ya mababu zao. Sawa. Mababu zao hawakuwa na choo ndani ya hema. Na kama walikuwa nacho, hawakumtoa Beldina Adhiambo kule Oyugis, Kenya, aje awamwagie.

Beldina ndiye ninayetaka kumweleza. Sisi tunamwita Mama Joy. Ana miaka hamsini na miwili, mfupi, mabega mapana, na amefanya kazi za nyumbani kwa mwenye jumba hilo, Baba Dakhil, na mkewe Madam Hessa miaka kumi na mmoja. Ijumaa mbili kwa mwezi alikuwa akija kwenye saluni ninakofanya kazi, Sulimaniyah, nimsuke. Siku moja nilitaka kumpaka rangi ya kucha, bure, zawadi tu. Akaivuta mikono akaificha chini ya kitambaa.

"Nyokabi, wachana nayo. Hujui imetoka wapi."

Nikamwambia mikono ni mikono. Ndipo akanieleza, na mimi nikaacha kumsuka nikasikiliza kitana kikiwa hewani.

Karavani ina matangi matatu: la maji safi, la maji ya vyombo na kuoga, na lile la choo. La choo lina koki chini, na hapo unaunganisha paipu nene inayokwenda hadi shimoni. Safari yao ya kwanza walikwenda kwenye shamba la rafiki nje ya mji. Baba akaunganisha paipu, akafungua koki, akaiacha wazi siku tatu. Huyo ni mhandisi, tafadhali, miaka thelathini na minne ofisini. Maji yakajiendea zao na mzigo ukabaki. Siku ya tatu ulikuwa umekauka, umepanda, umefanya kilima karibu kufika pale mtu anapokalia. Baba akaziba pua kwa kitambaa chake cha kichwa, akaita, "Beldina! Shuf!" Yaani njoo utazame. Akaja akatazama. Wao wakaenda kunywa kahawa, yeye akabaki na mpini wa ufagio, ndoo tano za maji moto na kilima cha watu wengine.

"Nilitapika mara mbili," aliniambia. "Ya tatu nikaimeza. Nilijua nikitapika tena ni mimi nitapanguza."

Nilicheka. Kisha nikaona haya kwa kucheka kwangu.

Jambo kama hilo likikupata mara moja, unatafuta elimu hata kama ni Uchina. Beldina aliipata kwenye simu, kwa wazee wa Kizungu. Kumbe huko Amerika wako wastaafu wanaouza nyumba kabisa wakaishi barabarani, na wanarekodi video za kushauriana. Baba Kiingereza chake ni cha kuagiza chakula hotelini. Beldina alikisoma mpaka kidato cha nne. Basi akimaliza vyombo anachomeka waya masikioni na kusikiliza vikongwe wenye kofia wakizungumza juu ya kinyesi bila aibu hata kidogo. Koki ya choo ikae imefungwa mpaka tangi likaribie kujaa, ndipo uifungue, kila kitu kitoke kwa mkupuo. Anza na tangi la choo, halafu la maji ya vyombo, ili sabuni isafishe paipu. Glavu za paipu zisijuane na glavu za jikoni. Usiwashe gari kabla hujazunguka karavani yote kwa miguu, maana kuna watu wameng'oa ngazi zao wenyewe. Na vumbi likivuma, geuza pua ya karavani ielekee upepo.

Baada ya miezi michache hapakuwa na karavani yenye harufu nzuri kama ya Baba Dakhil kati ya wenzake wote. Na hapo ndipo Baba alipoanza video zake mwenyewe. Anaketi kwenye kiti cha kukunja, kanzu nyeupe pe, fimbo mkononi, anawafundisha wastaafu wenzake: mimi koki yangu huifunga, mimi glavu zangu huzitenga, mimi huzunguka gari kwa miguu. Mimi, mimi, mimi! Beldina akipita nyuma na ndoo anapungiwa mkono atoke kwenye picha. Maelfu ya watu wanamwita ustadhi. Ustadhi wa nini, na hajawahi kuigusa hiyo paipu? Nilizitazama video zile saluni nikahisi kinyaa kikubwa kuliko kile cha kilima.

Na humo ndani, kitanda chake Beldina ni meza. Naam, meza ya kulia. Inashushwa, inawekwa godoro, analala. Kwa hiyo hawezi kulala mpaka Baba amalize chai yake, na alfajiri lazima aamke ili igeuke meza tena. Nyumbani Al-Malqa ana chumba chenye mlango. Huko jangwani hana hata pembe ya kuvulia soksi.

Hayo yote angeyavumilia. Mwanamke aliyelea watoto wanne peke yake havunjwi na meza. Lililomkaba roho lilikuwa la Joy, kitinda mimba wake.

Kwa Wajaluo kuna siku inayoitwa ayie. Watu wa kijana wanakuja kwa kina binti, wanamkabidhi mama zawadi yake mkononi, na mama anasema amekubali. Si baba wala mjomba. Ni mama. Posa ya Joy ilikuwa tayari, siku ikapangwa Aprili, na Baba Dakhil akaombwa likizo. Ruhusa ya kutoka nchini na kurudi inabonyezwa na kafili, yaani mwajiri anayekudhamini, kwenye simu yake. Hata dakika mbili haichukui. Baba akakubali kwa moyo mkunjufu. Siku zilipokaribia akauliza, "Lakini Beldina, tukienda safari, nani atamwaga tangi?"

Aprili ikapita. Ikapangwa Desemba. Desemba ndiyo msimu wenyewe wa karavani, swali likawa lilelile. Kuna shangazi angeweza kukaa mahali pa mama, lakini Joy alikataa kata kata. "Nitangoja Mama," alisema. Wakwe watarajiwa nao walituma neno la adabu: wangekuja mara ya tatu, Jumamosi ya pili ya Februari, na wasipomkuta mama wangejua wameambiwa hapana kwa heshima.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo alikuja saluni, macho yamevimba. Baba alikuwa ameahidi kwamba watasafiri na karavani hadi Jeddah kwenye mkutano wa wastaafu wenzake, na kutoka Jeddah Beldina angepanda ndege Alhamisi alfajiri aende kwao.

"Na tangi?" nikauliza.

"Hiyo ndio shida. Ameanza kulitaja."

"Mama Joy, liache lijae! Likae hivyo hivyo, limwagike mpaka kwa zulia!"

"Na mimi nalala wapi, Nyokabi? Si hapo hapo karibu?"

Hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi, na mimi hasira yangu haikuwa na msaada wowote kwake. Yeye ndiye aliyefikiri. Katika wale wazee wa Kizungu kuna bibi mmoja aliyefiwa na mumewe barabarani, akabaki na gari refu asilojua kulifungua wala kulifunga. Bibi huyo husema: kila unalolifanya kwenye nyumba ya magurudumu, mfundishe na mwenzako, maana ipo siku hutakuwapo.

"Mimi nimekosea," Beldina akasema. "Nilijifunza peke yangu. Sasa ni mimi tu najua, na ndio maana siendi."

Lakini utamfundishaje bosi kumwaga choo? Bahati ilitoka kwa watazamaji. Mtu mmoja aliandika chini ya video: ustadhi, mbona hatujakuona hata siku moja ukimwaga tangi kwa mikono yako? Madam Hessa, ambaye hakuipenda karavani tangu mwanzo, aliyasoma maneno hayo kwa sauti akacheka mpaka chai ikamwagika. Baba akanuna. Beldina akasubiri Madam atoke, kisha akasema, akikusanya vikombe, "Baba, Jeddah watu wote watakuwepo. Wewe fanya, mimi nishike simu. Njiani nitakuonyesha kidogo."

Somo lilifanyika katikati ya safari, nyuma ya kituo cha mafuta, penye shimo la maji taka. Beldina alinisimulia neno kwa neno.

"Glavu kwanza, Baba. Hapana, hizo ni za jikoni. Zile nyeusi."

Baba akavaa akiwa ameigeuza shingo upande.

"Zungusha paipu mpaka igome. Bado. Sasa fungua koki."

Baba akafungua. Ile sauti na ule mvuke vilipotoka aliiachia paipu, akakimbia hatua sita, akatapika kwenye tairi la lori la mtu. Beldina akafunga koki, akangoja. Baba aliporudi, macho yanamtoka machozi, aliuliza, "Kila mara iko hivi?"

"Kila mara, Baba. Miaka miwili."

Unafikiri aliomba radhi? Alinawa mikono kwa sabuni mara nne, akasema, "Yalla, tena." Lakini alirudia, na mara hiyo hakukimbia. Hilo namhesabia, si zaidi.

Jeddah walifika Jumatano. Kuna joto la kunata pale ufukweni hata Februari, na wazee kama kumi na watano walikuwa wamekaa kwenye viti vyao vya kukunja, karavani zimepangwa nyuma yao. Baba alisimama mbele yao na glavu nyeusi. Beldina alishika simu ya Baba, akirekodi. Na mzee akaweza, asinyimwe haki yake: akazungusha paipu mpaka ikagoma, akafungua la choo, akafuata la maji ya vyombo, akafunga, asimwage hata tone. Wakampigia makofi. Mmoja akamuuliza nani alimfundisha vizuri namna ile.

"Tajriba," Baba akasema. Uzoefu. "Miaka miwili nalifanya kwa mikono yangu."

Beldina alisema hapo kitu kilimpanda kutoka tumboni, kibaya kuliko siku ya kilima. Hakukimeza. Akasogea mbele ya wazee wote, akamnyooshea Baba simu yake kwa mikono miwili.

"Baba, sasa unaweza mwenyewe. Tangi halina shida tena. Likizo yangu."

"Bukra, Beldina." Yaani kesho.

"Bukra ndege ishaenda, Baba."

Hakuishusha mikono. Wazee wakaanza kutazama viatu vyao. Mlango wa karavani ukafunguka, Madam Hessa akatoa kichwa.

"Dakhil," akasema. "Bonyeza. Halas." Yaani basi.

Baba akavua glavu, akabonyeza.

Mimi niliitazama video hiyo Ijumaa, saluni ikiwa haina mteja. Inaishia kwenye "kwa mikono yangu", kisha muziki. Yale yaliyofuata ameyakata. Beldina haonekani wala hasikiki, ila chini kabisa kwenye mchanga kuna kivuli kifupi chenye mabega mapana, kimeinua mikono. Hicho alisahau kukikata. Watu elfu nne walikuwa wameshamwandikia Mungu ambariki.

Jumapili Beldina alinipigia kutoka Oyugis. Nikasikia kuku, nikasikia wanawake wakicheka. Nikamuuliza habari za Baba, akasema ametuma jumbe tatu za sauti kuuliza atarudi lini, na hajazifungua. Nikamuuliza habari za ayie.

Akaniambia watu wa kijana walifika saa nne, wakala, wakaimba, na wakati ulipofika mama mkwe akasimama na zawadi. Beldina akasema ngoja kwanza, naomba maji. Akanawa kwa sabuni. Akainusa mikono yake, akaomba maji tena. Wageni wamesimama, mama mkwe ameinyoosha ile zawadi, na yeye ananawa. Joy ndiye aliyekuwa akimmiminia. Alipoomba mara ya tatu, Joy aliliweka jagi chini.

"Inatosha, Mama," akasema.

Ndipo Beldina akaifuta mikono kwenye leso yake, akainyoosha, na kusema amekubali.