Keki Isiyoguswa na Moto

Shule yangu iliishia darasa la pili, na sikuona nilichopungukiwa. Biashara za mpakani zilipofunguliwa nilitoka kijijini Hasamba na sufuria mbili, nikaanza kuwapikia ugali madereva wa malori pale Tunduma. Sufuria hizo ndizo zilizojenga nyumba yangu hapa Mpemba, nje kidogo ya Tunduma, na kusomesha watoto wanne. Kwa hiyo mtu asije kunifundisha jiko. Akaja mmoja, mke wa mwanangu wa kwanza.

Huyo sikumpenda tangu siku aliyovuka kizingiti changu. Alitoka Dar, alisomea mambo ya hoteli, anaongea kwa sauti ya chini kama yuko wodini. Kila nikimwambia kitu anajibu "Sawa mama," halafu anafanya alivyotaka. Mtu anayebisha waziwazi namwelewa. Huyu alikuwa anabisha kwa kukubali.

Mwaka mmoja binti yangu wa mwisho alikuwa anaolewa upande wa pili, Zambia. Watu wale wana mila yao. Mwanaume hali chakula kwa wakwe mpaka jiko la wakwe lionekane kwao kwanza. Akina mama wa upande wa binti wanapika kila wanachokijua, wanabeba, wanakwenda kufunua sufuria moja moja mbele ya shangazi zake na kueleza ilivyopikwa. Wakiridhika, mkwe anakula kwako mpaka unakufa. Wakikuta aibu, atakuja kwako, atasalimia, atakaa, ataondoka na njaa yake, na binti yako ataulizwa kila siku alilelewa na nani. Jirani yangu wa sokoni kuku wake alikutwa hana firigisi. Mkwe wake hajagusa hata maji nyumbani pale.

Ilikuwa mwezi wa kumi, mvua bado, joto la kupasua midomo. Mke wa mwanangu akaja siku moja kabla ya kuvuka na sufuria, amebeba biskuti, siagi, jibini laini ya kopo, maziwa mazito, ndimu, maembe na pasheni. Akaponda biskuti, akachanganya na siagi, akazikandamiza kwenye trei. Akapiga jibini na maziwa na ndimu akamwaga juu, akapanga maembe, akamalizia na pasheni. Nikamuuliza anaipika saa ngapi.

"Haipikwi, mama. Inakaa kwenye friji mpaka igande."

Nilimwambia watu wale wanataka kuona moto wangu, hawataki kuona friji. Kumpelekea mkwe kitu ambacho hakijapita jikoni ni kumwambia hatukuhangaika kuwasha mkaa kwa ajili yake. Akasema ni wifi yake, yaani bibi harusi mwenyewe, aliyeiomba kwa sababu ya joto, na mchumba ameshaambiwa. Nikasema bibi harusi hana kauli hapa. Akasema sawa mama. Akaiweka kwenye friji.

Asubuhi sufuria zangu tisa zilikuwa tayari. Kuku mzima wa kienyeji, kila kiungo mahali pake. Wali wa mchele wa Kamsamba, maharage, majani ya maboga ya karanga, samaki wakavu, na mengine. Yeye akaenda kuoga. Mimi nikatoa ile trei.

Keki napika bila oveni, kama wenzangu wote: mkaa chini, mfuniko, mkaa juu. Nikajiambia hata robo saa inatosha, ipate moto kidogo, nisije kusema uongo wakati wa kufunua. Sikuwa na nia ya kuiharibu. Nia ya kuitunza pia sikuwa nayo.

Nilipofunua, jibini ilikuwa imekatika mabonge na maji, siagi inaelea, maembe yamesinyaa. Alinikuta nimesimama na mfuniko mkononi.

"Mama, umeipika."

"Chakula kinapikwa," nikamjibu.

Hakusema sawa mama. Alichukua trei akaimwaga kwenye ndoo ya nguruwe, akajifunga kitenge, akajitwisha sufuria ya wali.

Kule Zambia shangazi watatu walikuwa wamekaa kwenye mkeka. Nikafunua, nikaeleza, wakaonja. Kuku walimgeuza kila upande, wakatafuta firigisi, wakaiona. Ya tisa ilipokwisha, shangazi mkubwa akafuta mikono, akaniita mama kwa lugha yao.

"Mayo, tuliambiwa kuna keki ya baridi. Mtoto wetu ameiimba wiki nzima. Iko wapi?"

Nikisema nimeiharibu kwa mkono wangu, watauliza huyu ni mpishi gani, na sufuria zote tisa zitaingia mashakani. Nikamtazama mke wa mwanangu, naye akanitazama. Alikuwa na haki ya kusema. Ningekuwa yeye ningesema, tena kwa sauti kubwa. Ndoa ya binti yangu ilikuwa imekaa kwenye ulimi wa mtu nisiyempenda.

"Kosa ni langu, shangazi," akasema. "Umeme ulikatika, sikuangalia, ikaharibika. Jiko la mama ni hili mlilolionja."

Walimcheka. Mmoja akamwambia, "Mwali wa Dar, sisi tulitaka kuona jiko, wewe ukataka kutuletea waya." Akacheka nao, macho chini. Kisha wakavuta sufuria wakala, na shangazi mkubwa akatangaza kwamba mtoto wao sasa ana kwao Mpemba. Nafasi ya kusema neno nilikuwa nayo. Sikusema.

Tuliporudi na sufuria tupu, katikati ya malori yanayongoja kuvuka, nilimwambia sikumwomba anifunike.

"Sikukufunika wewe, mama," akasema bila kusimama. "Nilimwangalia wifi."

Mkwe wangu anakula kwangu mpaka leo, na anakula sana. Yule mwingine, mke wa mwanangu, namsalimia, ananisalimia, basi. Kila mwezi wa kumi joto likianza anatengeneza keki ile kwake, na wajukuu wanakuja kwangu na mbegu za pasheni mashavuni. Sijawahi kuletewa kipande. Kuomba siombi.